Kuchagua Vipande vya Mtihani wa Muziki

Katika mtihani wa hesabu swali hutungwa na wengine, na mtahiniwa hulikuta mezani likimngoja. Katika mtihani wa kutumbuiza muziki, mtahiniwa mwenyewe ndiye ajiteuliaye sehemu kubwa ya swali, maana kipande anachokileta mbele ya mtahini ndicho kitakachoamua koo lake lipande hadi wapi, vidole vyake vikimbie kwa kasi gani, pumzi yake ishikwe kwa muda gani, na wenziwe, ikiwa ni utumbuizo wa kikundi, wasikilizane kwa kiasi gani. Fadhila hii ni adimu katika masomo ya shule, na lau walimu na watahiniwa wangeitambua thamani yake, uteuzi wa vipande ungefanywa kwa utulivu na mashauri, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Aghalabu haufanywi hivyo. Wimbo huchukuliwa kwa kuwa kwaya iliuimba vizuri sikukuu ya Pasaka, au kwa kuwa kaka wa mtahiniwa aliupiga mwaka uliopita akafaulu, au kwa kuwa jina lake ni kubwa na mwalimu huona fahari kuliandika katika fomu. Kisha mazoezi ya miezi mingi hutumika kupigana na kosa lililofanywa alasiri moja.

Nayaandika haya Igawa, mahali ambapo barabara kuu itokayo Makambako hushukia bonde la Usangu na kuuvuka mto Mbarali kabla ya kuendelea kwenda Mbeya, na nayaelekeza kwa walimu, wazazi na vijana walio kati ya Iringa na Mbeya, ambao wengi wao hawana chumba cha muziki, wala piano, wala mwalimu aliyesomea ala zaidi ya moja. Miongoni mwao wapo wanaojiandaa kwa mtihani wa vitendo wa somo la Muziki. Wapo wanaotayarisha kwaya na ngoma kwa mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, yaani UMISSETA. Na wapo wachache wajitegemeao, ambao hujiandikisha kwa mitihani ya madaraja ya bodi za nje. Masharti ya mitihani hiyo ni mbalimbali, ila shauri langu kwa wote ni moja: kipande kiteuliwe kwa kumtazama mtahiniwa alivyo leo, na ala iliyopo, na wenzi alio nao, na sifa ya kipande chenyewe iwe jambo la mwisho kutazamwa.

Hatua ya awali haina utamu wowote, nayo ni kuyasoma masharti. Mwalimu na asome muhtasari wa somo na maelekezo ya mtihani kwa mwaka ule ule anaoutayarishia, wala asitegemee kumbukumbu ya miaka iliyopita, kwa kuwa mitaala yetu imebadilishwa na yaendelea kubadilishwa. Aandike kwenye karatasi moja majibu ya maswali haya: vipande vinavyotakiwa ni vingapi, kila kimoja kichukue dakika ngapi, je, ala ya jadi yakubaliwa sawa na kinanda au gitaa, je, mwimbaji aruhusiwa kusindikizwa na mtu mwingine, na je, kikundi chaweza kuwa na watu wasio watahiniwa. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Nimeona shauri zuri la uteuzi likivunjika kwa sababu ya sharti dogo la dakika, nalo lilikuwa limechapishwa waziwazi tangu mwanzo.

Sasa tuingie katika jambo ambalo ndilo chimbuko la makosa mengi, yaani imani ya kwamba kipande kigumu humheshimisha mtahiniwa. Ili kuuona ubatili wa imani hii, tuazime hesabu za bodi moja mashuhuri, Associated Board of the Royal Schools of Music ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo mitihani yake hufanywa na watu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mtihani wa daraja katika bodi hiyo una alama 150. Kufaulu ni alama 100, kufaulu kwa sifa ni 120, na kufaulu kwa heshima ya juu ni 130. Kila kipande kina alama 30, na alama ya kufaulu katika kipande ni 20. Vipande vyote vilivyoorodheshwa katika daraja moja huhesabiwa kuwa sawa: hakuna alama hata moja ya ziada kwa aliyechagua kilicho kigumu zaidi katika orodha. Basi mtahiniwa aliyechukua kipande kilichomzidi kimo, akakipiga kwa kujikwaa na kupata 17, na mwenziwe aliyechukua kipande kilichomkaa sawasawa, akakipiga kwa ufasaha na kupata 26, wametengana kwa alama 9. Na jambo hilo likitokea katika vipande vitatu, wametengana kwa alama 27, ilhali umbali wote kati ya kufaulu kwa kawaida na kufaulu kwa heshima ya juu ni alama 30 tu. Uteuzi peke yake, kabla ya zoezi lolote, waweza kula karibu umbali wote huo.

Tangu mwaka 2020 bodi hiyo ina pia mtihani wa kutumbuiza tu, ambao mtahiniwa hupiga vipande vinne mfululizo, akapigwa picha ya video isiyokatwa, na picha hiyo ikapelekwa kwa mtahini. Kijana wa Igawa aweza kuufanya pasipo kusafiri kwenda Dar es Salaam, ilimradi apate ala nzuri, simu nzuri na chumba kitulivu. Humo, zaidi ya alama 30 za kila kipande, kuna alama nyingine 30 za utumbuizo mzima, yaani jinsi vipande vinavyofuatana na kubebana. Na kipande kimoja miongoni mwa vile vinne mtahiniwa huruhusiwa kukichagua nje ya orodha, maadamu kiwe cha kiwango kinachostahiki. Nayataja haya hata kwa wale ambao hawatajiandikisha kamwe kwa bodi hiyo, kwa kuwa yanadhihirisha jinsi mtahini yeyote mwenye insafu anavyosikiliza: huyapima yale yanayofika masikioni mwake, na ugumu uliomo ndani ya karatasi haumpunguzii mtu kosa.

Nionavyo mimi, kipimo cha haki ni hiki. Kipande cha mtihani kiwe kile ambacho mtahiniwa, baada ya majuma mawili ya kujifunza, aweza kukipiga au kukiimba toka mwanzo hadi mwisho pasipo kusimama, ingawa kwa mwendo wa polepole na kwa dosari ndogondogo. Ikiwa majuma mawili yamepita naye bado anasimama katika kila mstari, basi kipande hicho ni cha mwakani. Miezi iliyosalia kabla ya mtihani si ya kutafuta nota. Ni ya kutafuta sauti nzuri, mwendo ulio thabiti, pumzi iliyowekwa mahali pake, na maana ya maneno, na mambo haya ndiyo yapandishayo alama kutoka ishirini na kitu hadi karibu na thelathini.

Kwa mwimbaji wa peke yake, uteuzi huanzia kooni. Mwalimu aketi na mtahiniwa asubuhi, kabla sauti haijapata joto, amwimbishe ngazi ya do re mi kuanzia sauti ya katikati, kwanza kwa kushuka kisha kwa kupanda, naye aandike sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa ambazo kijana huzitoa bila kukaza shingo wala kuinua kidevu. Kisha aondoe sauti moja katika kila upande, na kilichobaki ndicho kiwango cha kuchagulia wimbo, kwa kuwa hofu ya siku ya mtihani huchukua sauti hizo mbili kama mtoza ushuru. Walakini kipimo hicho hakitoshi. Walimu wengi hutazama sauti ya juu kabisa iliyomo katika wimbo, wakaridhika. Ni heri watazame pia wimbo unakaa wapi. Wimbo unaoigusa sauti ya juu mara moja tu, tena kwa irabu iliyo wazi kama *a*, huwa mwepesi kuliko wimbo usioifikia kabisa lakini unaokaa beti nzima karibu nayo na kumtaka mwimbaji atamke maneno mengi hapo juu.

Kijana wa kiume ana shida yake ya pekee, nayo haizungumzwi vya kutosha mashuleni. Kati ya umri wa miaka 13 na 16, na wengine hata baadaye, sauti yake huvunjika, na mvulana aliyeimba sauti nzuri ya alto mwezi wa Februari aweza kuwa na besi isiyotulia ifikapo Septemba. Kumkataza asiimbe ni dhuluma, na kumlazimisha aimbe teno ya juu ni kumdhuru. Achaguliwe wimbo ambao lahani yake haivuki sauti nane, na ikiwezekana iwe pungufu ya hapo, ili uweze kuteremshwa kadiri koo linavyoteremka. Hapa watu wa kwaya wana neema kubwa, kwa maana nota zetu za tonika solfa, ambazo makanisa ya nyanda hizi yamezitumia tangu enzi za wamisionari, hazifungwi na ufunguo: mwalimu hufuta tu maneno *Do ni G* juu ya karatasi na kuandika *Do ni E*, na wimbo mzima umeshuka bila nota hata moja kubadilishwa. Gitaa litatiwa kapo au kubadilishiwa kodi. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, ila kitufe hicho kikaguliwe kila mara kabla ya kuanza, kwa sababu mpiga kinanda wa ibada ya Jumapili aweza kuwa amekiacha mahali pengine, na mtahiniwa akajikuta anaanza wimbo sauti mbili juu ya pale alipozoea. Mwalimu mwenye hadhari hutayarisha wimbo wa mvulana katika funguo mbili tangu mwanzo, na kuamua upi utumike katika juma la mwisho.

Kwa wapigao kinanda, naomba ala ihesabiwe kabla ya kipande. Piano kamili ina funguo 88, na ndiyo waliyoiwazia watungaji wengi wa vitabu vya mitihani. Kinanda cha umeme tulicho nacho makanisani na mashuleni, mara nyingi, kina funguo 61, na sauti yake ya chini kabisa ni ile do iliyo ngazi mbili chini ya do ya katikati. Basi kitabu kifunguliwe, na mkono wa kushoto ufuatwe ukurasa kwa ukurasa hadi ijulikane kama hauzami chini ya hapo. Jambo la pili ni pedali: vinanda vingi havina, au pedali yake imekwisha kuharibika, na kipande kilichotungwa ili sauti zielee na kuchanganyika kwa msaada wa pedali, kama vile vipande vya usiku vya Chopin, kitasikika kimekatwakatwa hata kikipigwa na mtu hodari. Jambo la tatu ni nguvu za kidole, kwani vipo vinanda visivyotofautisha mguso mwepesi na mguso mzito, na humo ndimo mtahiniwa asiweze kuonyesha tofauti ya kupaza na kunyamaza ambayo kipande kinaitaka. Kwa hali zote hizo, vipande vya karne ya 18 vyenye sauti mbili zilizo wazi, mkono wa kulia ukisema na wa kushoto ukijibu, hukubaliana na vinanda vyetu kuliko vipande vya karne ya 19. Minueti ya Sol Meja iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725 ni mfano mwema: haina haja ya pedali, imo ndani ya funguo 61, na mtahini aweza kuzisikia sauti zote mbili bayana. Lakini ikiwa siku ya mtihani mtahiniwa ataketishwa mbele ya piano ya kweli, funguo zake ni nzito kuliko za kinanda cha umeme, na ni lazima afanyiwe ikhtiari ya kuigusa piano kabla ya siku hiyo, ijapokuwa kwa safari ya siku moja kwenda Iringa au Mbeya.

Nimefika mahali ninapopenda kukaa kidogo, yaani vipande vya jadi. Wapo walimu wanaoviweka kando kwa kudhani mtahini atavidharau, na wapo wanaovichukua kwa kudhani ni vyepesi. Pande zote mbili zimekosa. Nyanda hizi na jirani zake zina hazina ya ala na nyimbo ambayo ina kanuni zake na ugumu wake. Wahehe wana ligombo, ubao uliochongwa mfano wa hori, nyuzi zikapitishwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu kikatiwa ili kukuza sauti. Hugh Tracey, alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kunasa sauti, alilinasa likipigwa na kuimbiwa. Wagogo, kaskazini ya Iringa, wana zeze la nyuzi na ilimba, ala ya vibamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, alizichukua ala hizo kutoka Dodoma hadi Bagamoyo na kutoka Bagamoyo hadi majukwaa makubwa ya dunia, pasipo kuzibadili ziwe kitu kingine.

Mwenye kuchagua kipande cha namna hii na azingatie kwanza sauti za ala yenyewe. Sauti za muziki wa Wagogo zimejengwa juu ya zile sauti zinazozaliwa na uzi mmoja unapotetemeka, na mojawapo ya sauti hizo huwa chini ya sauti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Yule anayelirekebisha zeze ili lilingane na kinanda, kisha akavipiga pamoja, amezipoteza sauti za zeze na hajazipata za kinanda. Na mtahini asiyelijua jambo hilo atadhani ala haikulinganishwa. Kwa hiyo kipande cha zeze au ilimba kipigwe peke yake au pamoja na koo la binadamu, ambalo laweza kufuata popote, na mtahiniwa awe tayari kueleza kwa maneno mawili matatu kwamba ulinganifu huo ndio ulio sahihi kwa ala hiyo.

La pili ni ruhusa. Si kila ngoma ni ya kuchezwa popote. Ipo ya jando na unyago, ambayo maneno yake hayasemwi mbele ya wasiopita huko. Ipo ya matanga. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu jinsi ngoma ilivyokuwa sehemu ya maziko yao, wanaume wakicheza kwa nguvu mbele ya wafiwa. Mwalimu asiye mwenyeji, aliyeupenda mdundo tu, aweza kuileta ngoma ya kifo katika ukumbi wa shule na kuwahuzunisha wazee waliokuja kutazama. Basi kabla ya kuteua, mtahiniwa atumwe kwa bibi au babu anayeijua ngoma hiyo, akaulize inachezwa wakati gani, na nani, na maneno yake yana maana gani. Safari hiyo moja humfundisha zaidi ya juma la mazoezi, tena majibu yake humfaa pale mtahini atakapomuuliza habari za kipande.

La tatu ni kukata. Ngoma ya kijijini yaweza kuendelea nusu saa na zaidi, huanza bila haraka, hupanda kwa kadiri ya wachezaji, na hukoma pale watu wanapochoka; mtihani wataka dakika tatu au nne. Walio wengi hupiga dakika tatu za mwanzo kisha wakaacha ghafula, na mtahini akabaki hajui kama wamemaliza au wamesahau. Njia bora ni kuitazama ngoma nzima na kuchagua humo mambo manne: mwingilio, ambapo ngoma moja au njuga huanza peke yake; sehemu moja ya mwanzishaji na waitikiaji iliyo na maneno mazuri; mahali pale ambapo mdundo hubadilika na miguu ikafuata; na mwisho uliokubaliwa, wenye ishara inayojulikana na wote, mathalani mapigo matatu ya ngoma kuu. Mambo manne hayo yakiunganishwa vizuri, dakika nne zatosha, na roho ya ngoma haijapotea.

Kuhusu aina nyingine nitasema kwa ufupi. Tenzi za kanisani ni mali nzuri ya mwimbaji wa peke yake, lakini beti zake zote huwa na lahani moja, na mtahini aliyeisikia lahani hiyo mara nne hana jipya la kuhukumu. Ziimbwe beti mbili, moja kwa utulivu na ya pili kwa nguvu. Kaswida yenye dufu ni kipande cha kikundi kilicho safi kabisa, na vijana wa Kiislamu wa Rujewa na Ubaruku wasione haya kukileta. Taarabu ya asili, ambayo kwa kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa cha Unguja historia yake yarudi hadi mwaka 1905, hutumia sauti nyingine zisizomo katika kinanda, hivyo humfaa mwenye fidla au mwenye koo lililozoea mahadhi hayo, wala haimfai mwanafunzi aliyeisikia redioni tu. Na nyimbo za Bongo Fleva, ambazo vijana huziomba kila mwaka, sizikatai. Ila mwalimu amtake kijana auimbe wimbo huo pasipo biti, pasipo kipaza sauti, akisimama wima katikati ya darasa. Ukibaki wimbo, na uchukuliwe.

Uteuzi wa kipande cha kikundi una kanuni moja ipitayo zote, nayo ni kwamba kila mtahiniwa asikike. Kwaya ya watu thelathini inayoimba sauti moja juu ya kinanda kikubwa hupendeza katika mahafali, lakini mtahini anayetakiwa kumpa kila mtahiniwa alama zake hana la kushika. Kikundi cha watu wanne hadi sita, kila mmoja akiwa na sehemu yake, humpa kila kijana nafasi ya kuhukumiwa kwa haki. Wimbo wa mwanzishaji na waitikiaji hufaa sana, hasa ukiwa na mahali ambapo uanzishaji hupokezanwa, huyu akianza beti ya kwanza na yule ya pili.

Katika kuimba sauti nyingi, mwalimu ahesabu watu alio nao kabla ya kufungua karatasi ya nota. Karibu nyimbo zote za kwaya zinazozunguka kwetu zimepangwa kwa soprano, alto, teno na besi, na shule nyingi zina wasichana wengi, besi mbili zisizo na uhakika, na teno hakuna. Kuchukua mpangilio wa sauti nne na kumtwisha mvulana mmoja teno yote ni kukijengea kikundi ufa. Achukue mpangilio wa sauti tatu, au auandike mwenyewe, wasichana wakigawanywa mara mbili na wavulana wote wakiimba sauti moja ya chini isiyopanda sana. Sauti tatu zilizosimama imara humridhisha mtahini kuliko nne ambazo mojawapo inayumba.

Katika ala, hatari iko kwenye ngoma. Ligombo, zeze na ilimba ni ala za sauti ndogo, zilizozaliwa kwa ajili ya watu waliokaa karibu, na ngoma mbili za ngozi zikipigwa kwa fimbo huzifunika kabisa hata ikawa mpiga zeze amefanya mtihani bure. Kama kipande kina ngoma, ngoma iwe moja, ipigwe kwa kiganja, ikae nyuma ya wenzake, na ziwepo sehemu ambazo inanyamaza. Mwalimu asimame mwisho wa chumba, mgongo wake ukiwaelekea wapigaji, na ataje kwa sauti kila ala anayoisikia. Ile asiyoitaja ama isogezwe mbele, ama kipande kibadilishwe.

Tena kikundi kijaribiwe kwa kuondolewa watu. Siku moja mwimbaji huyu akae pembeni, siku ya pili yule, na kipande kiendelee. Sababu yake wakazi wa huku wanaijua: mpunga unapoanza kuiva katika mashamba ya Usangu, watoto wa kutwa hutakiwa kwenda kuamia ndege na baadaye kuvuna, na mazoezi ya jioni hupungukiwa na watu pasipo ruhusa ya mwalimu; ukiongeza homa na ada zisizolipwa, ni nadra kikundi kukamilika katika kila zoezi. Kipande kinachoanguka kwa kukosa mtu mmoja si cha kuchukuliwa, hata kikiwa kizuri namna gani, isipokuwa shule iwe ya bweni. Na kikundi kizoezwe kuanza chenyewe, kwa pumzi na kutazamana, kwa sababu katika mitihani mingi mwalimu hataruhusiwa kusimama mbele na kuwapungia mikono.

Majira nayo yaingie katika hesabu. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Makambako na Njombe kuna baridi vile vile. Mtahiniwa anayetoka joto la Igawa mwezi wa Juni au Julai na kuketishwa asubuhi mapema katika ukumbi wa huko, vidole vyake vitakuwa vimekufa ganzi, na koo lake limekauka. Kipande chake cha kwanza kisiwe cha kasi. Kiwe cha mwendo wa wastani, anachokijua kuliko vyote, kinachovipa vidole joto. Kile chenye mbio kikae cha pili au cha tatu. Wakati wa mvua ngozi za ngoma hulegea na sauti zake kuzama, na mvua juu ya paa la bati huifuta kabisa sauti ya ala ndogo. Mtahiniwa wa zeze ambaye siku yake imeangukia Novemba au baadaye na awe na kipande cha akiba cha kuimba, kama masharti yanamruhusu. Na katika shule zilizo kando ya barabara kuu, ambako malori ya Tunduma hupita usiku na mchana, wimbo wenye kuanza kwa mnong'ono waweza kuanza usisikike na mtu yeyote.

Kuhusu mpangilio wa vipande, lipo jambo moja tu la kusisitiza, nalo ni tofauti. Vipande viwili vya mwendo mmoja, ufunguo mmoja na huzuni moja, hata vikipigwa vizuri, humwonyesha mtahini upande mmoja wa kijana. Kimoja kikiwa cha polepole na cha kushikilia pumzi, cha pili kiwe chepesi na chenye mdundo. Kimoja kikiwa cha kwetu, si vibaya cha pili kitoke Pwani, au Ulaya, au Afrika Kusini. Kipande cha mwisho kiwe kile ambacho kijana anakipenda kwa moyo wake, hata kama mwalimu angependa kingine, maana mapenzi hayo yanasikika.

Majina yaandikwe sawasawa katika fomu. Nyimbo zetu za kwaya huhama kutoka parokia hadi parokia na usharika hadi usharika, jina la mtungaji likidondoka njiani, mpaka watu wakadhani wimbo haukutungwa na mtu. Mtahiniwa aulize, atafute, amwandike mtungaji; na ikiwa ni wa jadi, aandike ni wa watu gani na wa tukio gani. Ile minueti niliyoitaja ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya J. S. Bach, na sasa yajulikana kuwa ni ya Christian Petzold, na vitabu vya zamani vingali vinaeneza jina lisilo lake. Mwanafunzi aliyeandika jina sahihi amempa mtungaji haki yake, na amemjulisha mtahini kwamba anakijua kipande zaidi ya nota zake.

Uteuzi ukiisha, vipande vijaribiwe mbele ya watu wakati muda wa kuvibadili ungalipo: mbele ya kidato cha kwanza, ambao hawana adabu ya kuficha uchovu wao, asubuhi bila kupasha sauti wala vidole, na kwa kuanzia katikati, mahali popote mwalimu atakapotaja, kwa kuwa anayeweza kuanza mwanzoni tu hataokoka akipotea njiani. Kipande kilichoyashinda majaribio hayo matatu kiandikwe katika fomu, na fomu ikiisha kupelekwa kisibadilishwe tena kwa sababu ya wimbo mpya uliosikika redioni au shauri la mgeni aliyepita. Sababu za kubadili zinazokubalika ni chache: sauti ya mvulana imevunjika kupita ufunguo wa pili uliotayarishwa, mtu wa kikundi amehama shule, au ala imeharibika na haipatikani nyingine, na katika hali hizo mtahiniwa achukue kipande cha zamani alichokwisha kukijua mwaka uliopita, wala asijaribu kujifunza kipya kwa majuma matatu.